Neno na Mwenzake: Somo la Vitenzi Vidogo vya Kiingereza

Isiolo ni mji wa lugha nyingi. Mtu atokaye sokoni kwenda kituo cha mabasi husikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu kabla hajafika mwisho wa safari yake fupi. Mji huu uko kiasi cha kilometa 280 kaskazini ya Nairobi. Katika zama za ukoloni ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, na baadhi ya Wasomali waliopewa makao hapa walikuwa askari waliowatumikia Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Leo ni makao makuu ya Kaunti ya Isiolo. Kati ya watu wa asili mbalimbali namna hii Kiswahili ndicho kiungo cha mazungumzo, na Kiingereza ndicho kiandikwacho katika barua nyingi, fomu na matangazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezifanya lugha hizi mbili kuwa lugha rasmi, na Kiswahili tena kuwa lugha ya taifa.

Basi mtu wa Isiolo asomaye Kiingereza hasomi kwa ajili ya mtihani peke yake. Mara nyingi husoma kwa niaba ya mwingine: mzazi wake, jirani yake, au mgeni aliyetoka mashambani na karatasi mkononi. Msomaji akikosea neno moja, hasara humwangukia yule ambaye hakulisoma.

Mfano wa jambo hili ni huu. Mzee mfugaji amefika mjini siku ya Jumapili na ng'ombe wanne, akitoka upande wa Garba Tulla. Ukutani amekuta karatasi ya Kiingereza. Amwita kijana wa shule aliye karibu.

"Mwanangu, hebu nisomee. Mnada wa kesho upo ama haupo?"

Karatasi yasema: "Monday's sale has been put off." Kijana anajua kwamba "put" ni kuweka. Neno "off" ameliona kwenye swichi ya taa, pale penye kuzima. Ayaunganisha na kujibu, "Mzee, wanasema mnada umezimwa. Hakuna tena."

Mzee hana jamaa mjini wa kumpa malisho wala maji. Awauza ng'ombe wake jioni ile kwa dalali wa njiani, kwa bei aliyotajiwa. Siku ya Alhamisi mnada wafanyika, na ng'ombe wa namna ile ile wauzwa kwa bei njema.

Kijana huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Maneno yote mawili aliyajua. Asilolijua ni kwamba "put" likisimama pamoja na "off" si maneno mawili tena. Ni neno moja lenye maana yake, nayo ni kuahirisha. Kama mnada ungefutwa kabisa, karatasi ingesema "called off". Kati ya "put off" na "call off" tofauti ni neno moja dogo, lakini kwa mzee yule tofauti ilikuwa ng'ombe wanne.

KISWAHILI NACHO KINA MAMBO HAYA

Wanafunzi wengi hulalamika kwamba Kiingereza hakina utaratibu, kwa kuwa kitenzi kimoja huwa na maana kumi. Kabla ya kulalamika yafaa mtu aisikilize lugha yake mwenyewe.

Achukue kitenzi "piga". Mtoto hupigwa, na ngoma hupigwa. Hapo maana ni wazi. Lakini mtu hupiga simu, hupiga picha, hupiga kura, hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga kelele, hupiga mbio na hupiga kambi. Hakuna anayeichapa simu kwa fimbo, wala anayeyaumiza magoti yake. Frederick Johnson na wenzake walipotunga kamusi yao ya Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1939, iliwabidi kuipa "piga" nafasi kubwa, kwa sababu maana yake haipatikani mpaka itajwe pamoja na neno linaloifuata.

Achukue tena "kata". Mtu hukata mti kwa shoka. Lakini hukata tiketi, hukata shauri, hukata rufaa, hukata tamaa, hukata kiu na hukata bima, na katika mambo hayo yote hapana kisu. Vivyo hivyo mtu hufunga mlango, hufunga safari, hufunga ndoa, na mwezi wa Ramadhani ukiandama hufunga.

Mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili hakufundishwa orodha ya maana za "piga". Alisikia "piga simu" kama kitu kimoja, akakishika kama kitu kimoja. Siri yote ya somo hili imo humo. Neno hujulikana kwa mwenzake, na njia ya kujifunza ni kuwachukua wawili hao pamoja.

Lakini iko hatari moja. Wenzi wa neno katika lugha moja si wenzi wake katika lugha nyingine. Hapo ambapo Kiswahili chatumia "piga" daima, Kiingereza chatumia vitenzi mbalimbali. Kupiga simu ni "make a call". Kupiga picha ni "take a photograph". Kupiga kura ni "cast a vote". Kupiga kengele ni "ring a bell". Kupiga kambi ni "set up camp". Kupiga magoti ni neno moja tu, "kneel". Afasiriye "piga" kila mara kwa "beat" ataeleweka na wenye huruma, lakini hatasemwa kuwa ajua Kiingereza.

KWA NINI VITENZI VIDOGO NDIVYO VIGUMU

Mwanafunzi hudhani kwamba maneno marefu ndiyo magumu, na mafupi ndiyo rahisi. Katika vitenzi vya Kiingereza mara nyingi mambo ni kinyume chake, na historia yaeleza sababu.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliitwaa Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama, na Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na elimu. Maneno mengi ya lugha hizo yakaingia katika Kiingereza, na mengi zaidi yakafuata katika karne za baadaye kwa njia ya vitabu. Lakini wakulima na wachungaji wa Uingereza hawakuviacha vitenzi vyao vifupi. Walipotaka maana mpya walikipa kitenzi kifupi mwenzi mdogo, kama vile "up", "out", "off" au "in". Ndiyo maana leo Kiingereza kina njia mbili za kusema jambo moja. Kuahirisha ni "postpone" au "put off". Kufuta ni "cancel" au "call off". Kuzima moto ni "extinguish" au "put out". Kuvumilia ni "tolerate" au "put up with". Kuchunguza ni "investigate" au "look into".

Kwa mtu wa Isiolo neno "postpone" ni rahisi: lina maana moja, nalo lipo katika kamusi mahali pake. Neno "put off" ndilo limtegalo, kwa kuwa ayajua maneno yote mawili na kwa hiyo hafikirii kufungua kamusi. Neno geni humfanya mtu aulize, na neno alilolizoea humfanya ajiamini.

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 ya Kiingereza ambayo kwa maoni yake yangetosha kwa shughuli za kila siku, ili wageni wajifunze upesi. Katika orodha hiyo aliacha vitenzi 18 tu, vikiwamo "come", "go", "get", "give", "put", "take", "make" na "do". Kazi ya vitenzi vingine vyote ilifanywa kwa kuwaunganisha hawa wachache na maneno madogo: badala ya "enter", kwa mfano, mtu angesema "go in". Orodha ya Ogden yaonyesha mambo mawili. Kwanza, vitenzi hivi vina nguvu nyingi mno. Pili, uchache wa maneno si urahisi, maana ajifunzaye vitenzi 18 ana kazi bado ya kujifunza mamia ya miungano yake.

"MAKE" NA "DO"

Vitenzi hivi viwili huwasumbua watu wasemao Kiswahili, kwa kuwa vyote viwili hufasiriwa "fanya". Kanuni ifuatayo husaidia, ingawa haishiki kila mahali. "Make" hutumika pale jambo jipya linapotokea, kitu ambacho hakikuwapo. "Do" hutumika pale kazi inapotendwa.

Kwa hiyo husemwa: "make a mistake", kufanya kosa, "make a promise", kutoa ahadi, "make a noise", kupiga kelele, "make money", kupata fedha, "make a speech", kutoa hotuba, "make progress", kuendelea mbele, "make up your mind", kukata shauri.

Tena husemwa: "do the work", kufanya kazi, "do homework", kufanya kazi ya shule nyumbani, "do business", kufanya biashara, "do the washing", kufua, "do your duty", kutimiza wajibu, "do harm", kudhuru, "do someone a favour", kumfanyia mtu hisani.

Mfano mmoja wafaa kukumbukwa na kila mtu wa kaskazini. Watu waliogombana kwa ajili ya maji au malisho wakipatana, husemwa "they made peace". Hawa-"do" amani, kwa maana amani haikuwapo nao wameitengeneza. Na wakisuluhishwa wakarudi kuwa marafiki, husemwa "they made up".

"TAKE", "PUT" NA "LOOK"

Kitenzi "take" kwa asili ni kuchukua, lakini mara nyingi hakichukui kitu. "Take part" ni kushiriki. "Take place" ni kufanyika: "The market takes place in the morning." "Take turns" ni kupokezana, kama wafanyavyo watu kisimani. "Take off" ni kuvua nguo. Lakini ndege katika uwanja wa Isiolo ikiruka nayo husemwa "take off". "Take after" ni kufanana na mzazi. "Take over" ni kushika kazi au mamlaka ya mwingine. "Take on" ni kuajiri mtu kazini. Dawa nayo, iwe ya maji au vidonge, Mwingereza husema "take medicine", ingawa Mswahili huinywa.

Kitenzi "put" ni kuweka. "Put on" ni kuvaa. "Put out" ni kuzima moto au taa. "Put off" ni kuahirisha. "Put away" ni kurudisha kitu mahali pake. "Put aside" ni kuweka akiba. "Put up with" ni kuvumilia. Ikiwa mtu ameshika "put out" na "put off" pamoja na mifano yake, hatawachanganya tena: moto waweza kuzimwa, mnada wangoja siku yake.

Kitenzi "look" ni kutazama, na ndicho kimfaacho mfugaji kuliko vyote. "Look after" ni kutunza. "Look for" ni kutafuta. Kijana akiulizwa kazi yake na mwajiri, akajibu "I look after camels", amesema kwamba yeye ni mchungaji wa ngamia. Akijibu "I look for camels", amesema kwamba ngamia wamepotea. Mwajiri aweza kumnyima kazi kwa neno hilo moja. Tena "look into" ni kuchunguza habari. "Look down on" ni kumdharau mtu. Na "look up" ni kutafuta neno katika kamusi.

Viko pia vitenzi ambavyo muungano wake mmoja una maana mbili, na mazungumzo yenyewe ndiyo yaonyeshayo ipi iliyokusudiwa. Mfano ni "pass out". Isiolo ndipo ilipo Shule ya Askari wa Miguu ya Jeshi la Kenya. Askari akimaliza mafunzo husemwa "he has passed out", yaani amehitimu. Lakini mgonjwa akianguka na kupoteza fahamu, yeye naye "has passed out", yaani amezimia. Na mtu akifariki, kwa lugha ya heshima husemwa "he has passed away". Ndugu wa mgonjwa apokeaye habari kwa simu yampasa asikilize kwa makini neno lililofuata baada ya "passed", kabla ya kuwapelekea wazee habari ya msiba.

MAHALI PA NENO DOGO

Mwanafunzi akiisha kujua maana, hapana budi ajue pia mpangilio. Iko miungano iwezayo kutengana na isiyoweza.

"Put off" yaweza kutengana. Ni sawa kusema "They put off the sale" na ni sawa kusema "They put the sale off". Lakini jina likiachwa na mahali pake pakatiwa neno dogo kama "it" au "them", hilo lazima likae katikati: "They put it off." Kusema "They put off it" ni kosa. Sheria hii yashika pia katika "put out", "take off", "call off" na "look up".

"Look after" haitengani. Husemwa "She looks after the calves" na "She looks after them". Kusema "She looks them after" ni kosa. "Look for" na "look into" hufuata njia hiyo hiyo.

Miungano ya maneno matatu nayo mara nyingi haitengani: "put up with", "run out of", "look forward to". Huu wa mwisho huonekana sana katika barua za kuomba kazi, nao huharibiwa sana. Kitenzi kinachoufuata lazima kimalizike kwa "ing": "I look forward to hearing from you." Kuandika "I look forward to hear from you" ni kosa, na mwenye kusoma barua nyingi za maombi huliona mara moja.

MAKOSA YALIYOZOELEKA

Makosa mengi ya watu wa Afrika ya Mashariki hutoka katika chemchemi tatu.

Ya kwanza ni kuhamisha wenzi wa neno kutoka Kiswahili. Mtu husema "cut a ticket" kwa kuwa amezoea kukata tiketi. Kiingereza chasema "buy a ticket". Husema "drink medicine" badala ya "take medicine". Husema "hear a bad smell", kwa kuwa katika Kiswahili harufu husikika. Kiingereza hakisikii harufu kwa kitenzi hicho, bali chasema "smell".

Ya pili ni kuacha neno dogo. Mtu husema "Pick me at the stage", akitaka kuchukuliwa kwa gari kituoni. Kila mtu wa Kenya huelewa. Lakini mahali pengine husemwa "Pick me up", na "pick" peke yake ni kuchuma, kama mtu achumavyo chai au maua.

Ya tatu ni kuongeza neno dogo lisilohitajika. Husemwa "cope up with" mahali pa "cope with", na "discuss about" mahali pa "discuss". Kwa kuwa Kiswahili husema "kuzungumza juu ya jambo", mtu hulitia "about" bila kufikiri.

Haya hayasemwi ili kumwaibisha mtu. Kila nchi iliyopokea Kiingereza imekitia ladha yake, na sokoni Isiolo maneno hayo hufanya kazi yake bila taabu. Lakini mtihani, barua ya kazi na mapatano ya biashara husomwa na watu walio mbali, ambao hawajui desturi za sokoni. Katika mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya Kiingereza huuliza miungano ya namna hii.

MANENO YA BIMA YA MIFUGO

Mwaka 2010 bima ya mifugo ya namna mpya ilianzishwa Marsabit na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake. Mwaka 2013 ikafika Isiolo na Wajir. Bima hiyo haihesabu mizoga. Setilaiti hupima kutoka angani jinsi malisho yalivyo ya kijani, na yakipungua chini ya kiwango kilichopatanwa, waliokata bima hulipwa. Faida ya mambo hayo ilionekana wazi tangu mwaka 2020, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo mingi ya kaskazini ikafa.

Mambo ya bima yamejaa vitenzi vidogo, na mfugaji apewaye karatasi za Kiingereza hukutana navyo mara moja. Yeye husema amekata bima. Karatasi yasema "take out insurance". Hapo "take out" si kutoa kitu nje. Kujiandikisha ni "sign up". Muda wa bima ukiisha husemwa "the policy has run out". Ugonjwa ukizuka katika mifugo husemwa "disease has broken out". Gari la kubeba ng'ombe likiharibika njiani husemwa "the lorry has broken down". Na wezi wakivunja duka husemwa "thieves have broken in".

Lakini vilivyo vya maana kuliko vyote ni vitenzi vya kulipa. "Pay in" ni kutia fedha katika hesabu ya benki. "Pay out" ni kampuni kumlipa mwenye haki. "Pay back" ni kurudisha fedha zilizokopwa. "Pay off" ni kumaliza deni lote. Mzee akiambiwa kwamba kampuni "will pay out", amepata msaada. Akiambiwa kwamba yeye "will pay back", amepata deni. Amfasiriaye mzee maneno hayo na kuyachanganya aweza kumfanya aikatae haki yake, au aitie sahihi karatasi ya mkopo akidhani ni zawadi.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Jambo la kwanza ni kuwa na daftari. Mwanafunzi asiandike "put: weka" na kuishia hapo. Aandike muungano mzima, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja itokayo katika maisha yake mwenyewe. Kwa mfano: "put out, kuzima, Mother put out the fire." Sentensi ya nyumbani hukaa kichwani kuliko sentensi ya kitabuni.

Jambo la pili ni kujua matumizi ya kamusi. Zamani kamusi nyingi ziliwafaa Waingereza wenyewe, ambao waliijua tayari miungano ya lugha yao. Mwalimu A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, aliliona pengo hilo, na pamoja na wenzake akatunga kamusi kwa ajili ya wanafunzi wageni, ikionyesha neno moja hukaaje na wenzake. Ilipigwa chapa Japani mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa upya na Oxford. Kamusi za wanafunzi za leo hufuata njia hiyo. Atafutaye "put off" asiende kwenye herufi ya O. Afungue "put", kisha ateremke mpaka aone "off".

Jambo la tatu ni kiasi. Miungano mitatu kwa siku yatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na mwaka ukiisha mwanafunzi atakuwa na zaidi ya elfu moja.

Jambo la nne ni kutokisia. Anaposoma kwa ajili ya mwingine, na sentensi haileti maana timamu, na asimame hapo aulize. "Mnada umezimwa" si Kiswahili cha mtu yeyote. Hilo peke yake lilikuwa dalili ya kutosha kwamba jambo fulani limepotea njiani.

ZOEZI

Jaza neno moja katika kila nafasi, kisha tazama majibu chini.

1. The meeting of the elders was put ____ until Friday.
2. Please put ____ the fire before you leave the camp.
3. My sister looks ____ twenty goats every day.
4. He lost a camel and went to look ____ it.
5. The two families have ____ peace.
6. Every evening she ____ her homework at the table.
7. We must go to the shop. We have run ____ of flour.
8. I look forward to ____ from you.
9. He borrowed the money in March and paid it ____ in June.
10. The lorry broke ____ on the road to Moyale.

Majibu: 1. off. 2. out. 3. after. 4. for. 5. made. 6. does. 7. out. 8. hearing. 9. back. 10. down.

Aliyepata 8 au zaidi amefanya vizuri. Aliyepata chini ya 5 asivunjike moyo, bali arudie sehemu za "put" na "look" na kutunga sentensi zake mwenyewe.

Na yule kijana wa ukutani? Alikuwa na njia nyepesi mno ya kuwaokoa ng'ombe wa mzee. Ilimpasa kusema tu, "Mzee, maneno haya nayajua moja moja, lakini yakiwa pamoja sina hakika. Ningoje nimwulize mwalimu." Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Mzee angengoja nusu saa, angeambiwa kwamba mnada ungalipo, naye angekwenda kutafuta malisho ya siku nne.